Nusu ya Upanga: He-Man, Hadithi Yake na Sisi Tunaomkusanya

Mwenyekiti, wazazi mliokuja na watoto wenu, vijana, wakusanyaji wenzangu: asanteni kwa kunipa nafasi hii. Niliombwa nizungumzie sanamu za kuchezea, nikaachiwa uhuru wa kuchagua zipi. Nimechagua Masters of the Universe za kampuni ya Mattel ya California, ambazo wengi wetu tunaziita He-Man tu, kwa jina la shujaa wao. Ziliingia madukani mwaka 1982 na hadi leo zinatengenezwa, ingawa katikati zilikufa na kufufuliwa zaidi ya mara moja.

Nina jambo moja la kusema juu ya sanamu hizi, na mengine yote yatalizunguka hilo. Zilitoka kiwandani na hadithi isiyokamilika. Mara nyingine pengo liliachwa kwa makusudi, mara nyingine lilitokana na kubana matumizi, na mara nyingine watengenezaji wenyewe walikuwa hawajakubaliana. Mapengo hayo ndiyo yaliyowashika watoto wa wakati ule, na ndiyo yanayotufanya sisi watu wazima tuendelee kutafuta.

Naomba mmtazame huyu niliyemshika. Ni He-Man wa mwanzo. Urefu wake ni inchi 5.5, kama sentimita 14 hivi. Angalieni alivyosimama: magoti yamekunjwa, mabega yamejaa, mikono imetanuka kama mtu anayengoja kushambuliwa. Kichwa ni cha plastiki laini, ukikibonyeza kinabonyea. Kifua ni plastiki ngumu. Sasa namshika kiuno, namzungusha upande huu, halafu namwachia. Mmesikia? Ndani kuna springi, na ngumi imekwenda yenyewe. Mtoto wa miaka mitano hahitaji kusomewa maelezo yoyote ili ajue afanye nini na kitu hiki.

Ana shoka, ana ngao, na ana upanga. Huu upanga ndio ninaotaka muuone. Upande mmoja umechongwa vizuri, una umbo. Nikiugeuza, upande wa pili ni bapa. Adui yake, Skeletor, naye ana upanga kama huu, wa zambarau, na wake pia una upande bapa. Ukiziweka pamoja bapa kwa bapa, zinashikana na kuwa upanga mmoja. Katika vitabu vidogo vya hadithi vilivyowekwa ndani ya pakiti za mwaka 1982, upanga huo kamili ndio ufunguo wa Castle Grayskull, ngome yenye uso wa fuvu ambayo kila mtu anataka kuiingia. Kwa hiyo mtoto aliyenunuliwa He-Man peke yake alikuwa amenunuliwa nusu ya ufunguo. Ndiyo, ni ujanja wa kibiashara, wala sitaufumbia macho. Lakini pia ni namna nzuri sana ya kumwingiza mtoto kwenye hadithi, kwa sababu sababu ya vita ameishika mkononi.

Yote haya yalianza na biashara iliyoponyoka. Mwaka 1976 Mattel ilipewa nafasi ya kutengeneza vitu vya kuchezea vya filamu iliyokuwa bado haijatoka, Star Wars, ikakataa. Mkuu wa kampuni wakati huo alikuwa Ray Wagner, na uamuzi wake haukuwa wa kijinga kwa hesabu za siku zile. Kutengeneza kalibu za chuma kunachukua muda mrefu na fedha nyingi, na filamu za kawaida zilikuwa zimeshasahaulika kabla sanamu zake hazijafika dukani. Leseni ikachukuliwa na Kenner ya Cincinnati. Filamu ilipotoka Mei 1977 Kenner haikuwa na sanamu hata moja tayari, ikabidi Krismasi ile iuze bahasha yenye cheti, yaani ahadi ya kuletewa sanamu baadaye. Watu walinunua hata hiyo ahadi. Mwaka uliofuata Kenner iliuza sanamu zaidi ya milioni 40.

Mattel ilijaribu kufukuza. Ikachukua leseni ya Battlestar Galactica, ya Flash Gordon, ya Clash of the Titans. Hakuna iliyoshika. Ndipo wakaona kwamba badala ya kukodi hadithi ya mtu mwingine, watengeneze yao.

Hapa tunafika kwenye mgogoro ambao wakusanyaji wanaujadili hadi leo: nani alimbuni He-Man? Wapo wawili. Roger Sweet alikuwa kiongozi wa usanifu katika idara iliyobuni vitu vipya. Mwishoni mwa 1980 alichukua sanamu za Big Jim, bidhaa ya zamani ya Mattel, akaziongezea udongo wa kufinyangia hadi misuli ikatuna, akatengeneza majitu matatu: mmoja mwanajeshi, mmoja wa angani, mmoja shujaa wa kishenzi mwenye upanga. Akayapeleka kwa Wagner, na Wagner akamchagua yule wa upanga. Wa pili ni Mark Taylor, mchoraji na msanifu, aliyekuwa akichora mashujaa wa aina hiyo kwa miaka, na mmoja wa hao katika michoro yake, aliyemwita Torak, anafanana na He-Man kiasi kwamba huhitaji kuelezwa. Taylor ndiye aliyechora sura za kundi la kwanza karibu lote, pamoja na ngome. Alifariki mwaka 2021.

Mimi nina msimamo wangu. Sweet alikuwa na wazo la jitu linaloweza kupelekwa vitani, angani, popote, kwa kuwa lina nguvu tu na halijafungwa na mahali. Hilo ni wazo la bidhaa, na ni wazo kubwa. Lakini ninapomtazama Skeletor, ninamwona Taylor. Alisimulia kwamba alipokuwa mtoto aliingia kwenye nyumba ya vitisho katika uwanja wa burudani wa Long Beach, akaona maiti iliyoning'inizwa, na akaamini moyoni kwamba ile haikuwa sanamu. Mwaka 1976 ikagundulika kwamba kweli pale palikuwa na maiti ya mtu, jambazi aitwaye Elmer McCurdy aliyeuawa mwaka 1911, iliyopakwa rangi na kutembezwa kwenye maonyesho kwa miongo mingi hadi watu wakasahau ni binadamu. Uso wa Skeletor, kwa maneno ya Taylor mwenyewe, ulitoka huko. Hofu ya namna hiyo haitoki kwenye kikao cha masoko. Nikiulizwa, nitasema He-Man ni wa wote wawili, na Skeletor ni wa Taylor.

Kuna uvumi mmoja niuondoe haraka, kwa kuwa bado unarudiwa sana: kwamba He-Man alikuwa Conan, yule shujaa wa kishenzi wa hadithi na filamu, aliyebadilishwa rangi ya nywele. Ni kweli Mattel ilisaini leseni ya Conan mwaka 1981 na baadaye ikajitoa. Wenye haki za Conan walikwenda mahakamani New York wakidai wameibiwa, na mwaka 1989 hakimu akaipa Mattel ushindi. Kazi ya Sweet na Taylor ilikuwa imeanza kabla ya leseni ile.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote: kubana matumizi.

Kalibu ya chuma ni ghali. Plastiki ni rahisi. Ukishakuwa na kalibu ya mkono mmoja mnene, faida iko katika kuutumia mkono huo mara nyingi uwezavyo. Kundi la kwanza la 1982 lilikuwa na watu wanane: He-Man, Skeletor, Man-At-Arms, Beast Man, Teela, Mer-Man, Stratos na Zodac. Wawekeni mezani bila vichwa na bila silaha, mtaona siri yote. Mer-Man na Skeletor wana mikono na miguu ile ile, mmoja amepewa rangi ya kijani na mwingine rangi ya samawati. Stratos anayeruka na Beast Man anayeamrisha wanyama wana kifua kile kile chenye manyoya. Simbamarara wa He-Man, Battle Cat, ametoka kwenye kalibu ya simbamarara wa Big Jim. Big Jim alikuwa karibu mara mbili ya urefu wa He-Man, kwa hiyo mnyama aliyetengenezwa kwa ajili yake alionekana mkubwa kupita kiasi kwa sanamu mpya. Wakampaka kijani, wakamvika kofia ya vita, wakamtandika, na ukubwa uliokuwa tatizo ukawa sababu ya kumpanda. Mwaka 1983 wakambandika vinyoya laini vya zambarau, akawa Panthor, mnyama wa Skeletor.

Huyu hapa wa bluu ni Faker, wa mwaka 1983. Kwa kiwanda ni sanamu ambayo haikuhitaji kalibu mpya hata moja. Uso ni wa He-Man, mwili ni wa He-Man, deraya ni ya Skeletor, upanga ni ule ule wa nusu, vyote kwa rangi ya bluu na ya chungwa. Lakini sasa nafungua deraya. Mnaona kifuani? Kuna stika imebandikwa, inaonyesha mitambo. Yeye ni roboti aliyetengenezwa na Skeletor ili amwige He-Man. Mtoto asiyevua deraya hajui. Kwa stika moja ya karatasi wametengeneza siri, na siri hiyo iko mahali ambapo mkono wa mtoto tu ndio utafika. Nimeona sanamu za bei kubwa mara kumi zenye viungo thelathini ambazo hazina kitu kama hicho.

Stinkor wa 1985 ni mfano mwingine: kichwa cha Mer-Man, deraya ya sanamu nyingine, Mekaneck, rangi nyeusi na nyeupe, na harufu. Plastiki yake ilichanganywa na mafuta ya pachuli, mmea wenye harufu kali, ili anuke. Moss Man wa mwaka huo huo ni Beast Man aliyebandikwa vinyoya vya kijani na kutiwa harufu ya msonobari. Ukimnunua Stinkor leo, baada ya miaka arobaini, bado ananuka, na mkusanyaji wa Stinkor hukaribisha pua kabla ya kutoa fedha.

Kubana matumizi huko huko kukaenda hadi kwenye televisheni. Mwaka 1969 Mattel ilikuwa na katuni ya magari yake ya Hot Wheels, na ilishitakiwa kwa mamlaka ya utangazaji ya Marekani kwamba ile si katuni bali ni tangazo la nusu saa. Mlango ukafungwa kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, chini ya serikali ya Reagan, mamlaka hiyo ililegeza masharti, na Mattel ikapita kwa mwendo wa kasi. Septemba 1983 katuni ya He-Man ikaanza, ikitengenezwa na studio ya Filmation ya Lou Scheimer, na hadi mwaka 1985 zilikuwa zimetoka sehemu 130. Watetezi wa watoto walilalamika, na walikuwa na hoja ya kweli: mtoto wa umri ule hawezi kutofautisha hadithi na biashara. Scheimer alijibu kwa kuweka mwishoni mwa kila sehemu neno fupi la mafunzo. Alikuwa pia na msimamo ambao sisi wapenzi wa kazi ya mikono tunapaswa kumheshimu nao: alikataa kupeleka uchoraji nje ya Marekani, hata wenzake walipokuwa wakifanya hivyo ili kuokoa fedha. Alichofanya ili gharama zisimshinde ni kurudia picha. He-Man anakimbia vile vile katika mamia ya matukio. Anageuka vile vile, anapiga ngumi vile vile. Kalibu za Mattel na picha za Filmation ni mbinu moja: tengeneza kitu kizuri mara moja, kisha kitumie hadi kiishe utamu.

Hata Orko, kale kachawi kasikoonyesha uso, kamevaa herufi O kifuani kwa sababu ya gharama. Herufi O haibadiliki ukigeuza picha kushoto kwenda kulia, kwa hiyo mchoro mmoja ulitosha pande zote mbili.

Katuni ilifunga baadhi ya mapengo niliyoyataja. Katika vitabu vidogo vya kwanza, vilivyoandikwa na Donald Glut na kuchorwa na Mfilipino Alfredo Alcala kwa rangi nzito za kupendeza sana, He-Man ni mtu wa kabila la msituni aliyeondoka kwao kwenda kulinda dunia. Hakuna mfalme wala mwana wa mfalme, na hakuna kupaza sauti na kubadilika. Mwana wa mfalme, Prince Adam, anayepaza sauti na kubadilika kuwa He-Man, aliingia kupitia vitabu vya DC Comics mwaka 1982, na katuni ikamfanya kuwa sura rasmi. Ninaipenda katuni. Lakini ngome ya Alcala, iliyosimama peke yake katika nchi iliyoharibika na isiyo ya mtu yeyote, ina kitu ambacho katuni haikukirudisha. Kasha la ngome yenyewe lilichorwa na Rudy Obrero, na kuna wakusanyaji ambao hawana haja na sanamu kabisa: wanatafuta makasha ya Obrero tu na kuyatundika ukutani. Ninawaelewa vizuri.

Mwaka 1985 akaja dada yake He-Man, She-Ra, na katuni yake ya sehemu 93. Mwaka 1986 ndio ulikuwa kilele. Hesabu zinazotajwa sana ni kwamba mauzo ya Marekani mwaka huo yalifikia dola milioni 400, na mwaka 1987 yakaporomoka hadi dola milioni 7. Rudieni tarakimu hizo vichwani mwenu: mia nne, kisha saba. Maduka yalikuwa yamejazwa. Sanamu mpya zilitoka nyingi kiasi kwamba mtoto hakuweza tena kuzifuata, na mwenye duka alibaki na mzigo uliolala. Filamu ya 1987, Dolph Lundgren akiwa He-Man, ilitoka wakati nyumba inaungua. Frank Langella kama Skeletor ni mzuri mno, na hilo ndilo nitakalosema juu yake.

Toleo la 1989 lililompeleka He-Man angani halikupendwa. La 2002, lililochongwa na kikundi cha Four Horsemen, lilikuwa zuri sana na likafa mapema. Kilichobadilisha mambo ni mwaka 2008, Mattel ilipokubali kwamba wale watoto wamekuwa watu wazima wenye mishahara. Ikaanzisha Classics, sanamu za inchi 7 zilizouzwa kwa mtandao, nyingi zikiisha ndani ya muda mfupi sana. Four Horsemen walichonga tena, wakiwa na uaminifu mkubwa kwa Taylor. Na hapo ndipo Mattel ilipoanza kulipa madeni ya zamani.

Deni moja linanigusa kuliko mengine. Katikati ya miaka ya 1980 kulikuwa na shindano la watoto kubuni shujaa wao. Mtoto mmoja wa Marekani alishinda na mchoro wa Fearless Photog, mtu mwenye kichwa cha kamera. Zawadi nyingine alipata, lakini sanamu iliyoahidiwa haikutengenezwa, na mambo yakavunjika kama tulivyoona. Mwaka 2012, katika maadhimisho ya miaka 30, Fearless Photog akatoka kiwandani. Mtoto alikuwa sasa ni mtu mzima. Sanamu hiyo haina uzuri wa ajabu, kichwa cha kamera ni kichwa cha kamera, lakini sitaiuza.

Sasa, kukusanya kwenyewe. Nitasema yale yenye faida, mengine mtaniuliza.

Anayeanza hupotoshwa kwanza na mwaka. Geuza sanamu, soma mgongoni: utakuta jina la Mattel na 1981. Huo ni mwaka wa hakimiliki, si mwaka iliyotengenezwa. Kinachokupa habari ni jina la nchi. Kuna Taiwan, Malaysia, Mexico, Ufaransa na kwingineko, na rangi ya ngozi, ugumu wa kichwa na upakaji wa viatu hutofautiana kidogo kutoka kiwanda hadi kiwanda. Hispania kulikuwa na kampuni ya Congost. India kulikuwa na Leo, iliyotumia kalibu za Mattel na kuendelea kuuza baada ya Marekani kuacha, nyingine kwa rangi ambazo hazikuonekana kwingine. Mimi hupenda sanamu za Leo kuliko za pakiti zilizofungwa, kwa sababu pale unaona fundi wa mbali amepewa mwili na kuamua mwenyewe aupe rangi gani.

Kwa wanaokusanya pakiti ambazo hazijafunguliwa, mgongo wa kadi ambayo sanamu imebandikwa ndio kila kitu. Kadi za mwanzo kabisa zina picha za sanamu nane tu nyuma, na tofauti ya bei kati ya hizo na za baadaye ni kubwa, ingawa sanamu iliyo mbele ni ile ile. Battle Cat mwenye milia hadi mkiani anatafutwa kuliko mwenye mkia mtupu. Seti ya Eternia ya 1986, yenye minara mitatu na treni ya juu kwa juu, ikiwa kamili haionekani mara nyingi, na wanaoiuza kamili wanajua wanachouza.

Halafu yuko He-Man wa nywele za kahawia. Yupo kweli, watu wanaye, umbo ni la Mattel. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba alitolewa kama zawadi kwa wanunuzi wa mkate wa Wonder Bread, na jina hilo likamganda, lakini uthibitisho wa zawadi hiyo haujawahi kutosha kumaliza ubishi. Mwaka 2010 Mattel yenyewe ilimtengeneza upya katika Classics na kumwita Wun-Dar, yaani ilichukua uvumi wa wakusanyaji ikaufanya kuwa sehemu ya hadithi. Hilo ndilo ninalomaanisha ninaposema hadithi hii ina mapengo yanayojazwa na watu walio nje ya kiwanda.

Angalieni silaha. Sanamu nyingi zinauzwa na shoka, panga na ngao za kuigiza zilizotengenezwa juzi. Hakuna ubaya kuwa nazo kwa ajili ya kuonyesha, mradi muuzaji amekwambia. Omba picha ya karibu ya mstari wa kuungana kwa plastiki, linganisha na ya mtu unayemwamini ana ya asili. Miguu imeshikwa ndani na mpira, na mpira huchoka, kwa hiyo sanamu yenye miguu inayolegea haijavunjika, imezeeka tu. Plastiki laini ya zamani hutoa jasho linalonata. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ikauke kabisa, na usiiache ikigusana na plastiki nyingine kwa miezi, maana zinaweza kulana. Jua ni adui, na joto la pwani zetu ni adui wa pili. Usiihifadhi kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa kabisa.

Wale mnaonunua mkiwa Nairobi au Dar es Salaam mnajua tayari kwamba usafiri na ushuru unaweza kuzidi bei ya sanamu. Nunueni kwa mafungu, kwa pamoja, na kama mna ndugu Ulaya au Marekani, awakusanyie hadi mzigo uwe na maana. Na kwa mzazi anayetaka mtoto acheze bila kuogopa, chukueni Origins, iliyoanza mwaka 2020. Ina urefu ule ule wa inchi 5.5 na sura zile zile, viungo vimeongezwa, na vichwa, mikono na viatu vinachomoka na kubadilishana kati ya sanamu na sanamu. Kile ambacho kiwanda cha 1982 kilikifanya kwa kubana fedha, mtoto wa sasa anakifanya mwenyewe sakafuni: kichwa cha Mer-Man juu ya mwili wa Beast Man, na jina analolitunga yeye.

Nimemaliza niliyokuwa nayo. Sanamu ziko hapa mezani, za asili upande wa kushoto, Origins upande wa kulia, na watoto waruhusiwe kuzishika zote isipokuwa Faker, ambaye stika yake haitavumilia vidole vingi. Karibuni maswali.